Barua Iliyokaa kwa Kavalli

Katikati ya Aprili 1888, kwenye nyanda za juu upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Albert, chifu mmoja aitwaye Kavalli alikuwa na kifurushi kidogo kilichoviringwa kitambaa cheusi kisichopitisha maji. Kilikuwa kimeachwa na mtu wa mbali ambaye wenyeji walimwita Malleju, yaani mwenye ndevu, ili akabidhiwe Mzungu atakayetokea upande wa msituni. Mzungu akatokea, kifurushi akakipata kama kilivyofungwa. Ndani mlikuwa na barua iliyoandikwa Tunguru, kituo kimoja cha ufukweni mwa ziwa hilo, tarehe 25 Machi.

Mwandishi wa barua alikuwa Emin Pasha. Aliyeipokea alikuwa Henry Morton Stanley, ambaye kwa zaidi ya mwaka mzima alikuwa akimtafuta. Vitabu vimejaa habari za hao wawili: mmoja alimwokoa nani, nani alimdanganya nani, na kama Emin alitaka kuokolewa kweli. Mimi nataka kuzungumza juu ya Kavalli. Alipewa barua ya watu asiowajua, akaitunza mpaka mwenyewe akafika. Kwa nchi yetu hii ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na majirani zake, hiyo ndiyo posta ya kwanza ninayoweza kuionyesha kwa kidole.

Kwetu ni Lurujo, upande wa Koboko. Nimefundisha historia katika shule za Koboko na Arua mpaka nikastaafu, na kila darasa nililolipokea lilikuja na wazo kwamba historia ilitokea kwa Waganda na kwa Wanyoro, sisi wa ng'ambo ya Nile tukaingia kitabuni siku ile Idi Amin alipochukua nchi. Nilikuwa nikiwaambia wafungue ramani ya mwaka 1885. Waweke kidole Wadelai, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile, kaskazini ya Pakwach. Hapo palikuwa na mtu ambaye magazeti ya London na Berlin yalikuwa yakimwandika, na kila neno lililomtoka lilisafirishwa na miguu ya watu wa huku.

Emin alizaliwa Eduard Schnitzer mwaka 1840 huko Silesia, akasomea udaktari, akahudumu katika dola ya Kituruki, kisha akaingia Sudan. Mwaka 1878 Charles Gordon alimfanya gavana wa Ikweta, jimbo la kusini kabisa la Misri ya wakati huo. Makao yalikuwa Lado. Vituo vyake vilifuata mto: Rejaf, Dufile, Wadelai, mpaka ziwani. Barua zilikwenda kaskazini kwa meli hadi Khartoum, na kutoka Khartoum hadi Cairo. Ilikuwa njia ndefu lakini ilijulikana.

Kisha ukaja uasi wa Mahdi mwaka 1881, na tarehe 26 Januari 1885 Khartoum ikaanguka na Gordon akauawa. Njia ya kaskazini ikafungwa kabisa. Emin akaondoka Lado, akahamia Wadelai pamoja na askari wake, makarani wake wa Kimisri, na wageni wawili: Wilhelm Junker, mtafiti aliyezaliwa Moscow, na Gaetano Casati, Mwitaliano. Hakuna meli kutoka kaskazini, hakuna risasi mpya, hakuna kitambaa. Wala hakuna barua.

Napenda kukaa kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wakianza kuelewa. Mtu ana jimbo, ana bendera, ana meli mbili za mvuke mtoni, Khedive na Nyanza, lakini hana mtu wa kumpelekea barua. Inabidi atafute njia ya kusini: kupita Bunyoro kwa Kabarega, kupita Buganda kwa Mwanga, kuvuka Ziwa Viktoria, halafu kushika njia ya misafara mpaka Zanzibar. Kila nchi katika hizo ina mwenyewe. Kila mwenyewe ana sababu zake za kuruhusu au kukataza. Mwanga alikuwa ameamuru Askofu Hannington auawe mwezi Oktoba 1885 kwa kuingia kupitia mashariki. Barua iliyopita katika nchi hizo ilipita kwa hisani, na hisani huombwa upya kila mara.

Barua ya Nubar Pasha, waziri mkuu wa Misri, iliandikwa Cairo Mei 1885. Ilimwambia Emin kwamba serikali imeiacha Sudan, ajitafutie njia ya kutoka. Ilimfikia Februari 1886. Miezi tisa ilipita, na katika miezi hiyo yote Emin alikuwa akiongoza jimbo ambalo halikuwapo tena. Vijana wa leo wakikosa mtandao kwa saa moja hulalamika. Hapo mimi huwaachia kimya, wahesabu wenyewe.

Aliyebeba sehemu kubwa ya barua hizo kati ya Buganda na Bunyoro na Wadelai alikuwa mfanyabiashara Mwarabu kutoka Afrika Kaskazini, Mohammed Biri. Alileta vitambaa, alileta habari, alichukua barua. Huko Buganda alikuwepo mmisionari Alexander Mackay, fundi wa kila kitu, ambaye alizipokea na kuzisukuma mbele kuelekea pwani. Junker naye aliondoka Wadelai Januari 1886 akiwa na maandishi yake na ya Emin, akafika Zanzibar Desemba mwaka huohuo. Kwa Kabarega, Emin alimweka Casati. Kazi yake iliitwa uwakilishi, lakini ukisoma alichokuwa akifanya kila siku utaona kwamba alikuwa bwana posta: anapokea kinachotoka kusini, anakituma ziwani, anapokea kinachotoka ziwani, anambembeleza mfalme akiachie kipite.

Januari 1888 hisani ikaisha. Kabarega alikuwa amesikia kwamba msafara wa Wazungu unakuja kumfuata Emin, na alikuwa na kila sababu ya kuogopa kuzungukwa. Casati alikamatwa na kufungwa kwenye mti, kisha akafukuzwa. Alitangatanga mpaka ziwani, ambako Emin alimfuata kwa meli. Mohammed Biri aliuawa. Mackay ana barabara yenye jina lake Kampala. Gordon ana sanamu. Biri hana hata kibao cha bati, na katika vitabu vyetu vya shule nilivyofundishia sikuwahi kukuta jina lake.

Msafara huo ulitokana na barua: zile za Emin zilipofika Ulaya mwishoni mwa 1886, magazeti yalizichapisha na fedha zikachangwa. Stanley akapewa msafara. Mapema 1887 alifika Zanzibar, akaandikisha zaidi ya watu 600, Waswahili na wengine wa visiwani na pwani, akawapandisha melini pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema mpaka mdomo wa Mto Kongo ili waingie kutokea magharibi. Wengi wao walikufa katika msitu wa Ituri kwa njaa, mishale na magonjwa. Baadhi ya waliobaki walifika juu ya Ziwa Albert Desemba 1887. Hapo wakauliza habari za Mzungu wa meli, wakajibiwa kwamba chombo cha moshi kilionekana miaka mingi iliyopita. Kweli, Mason Bey, afisa wa serikali ya Misri, alizunguka ziwa kwa meli mwaka 1877. Tangu hapo, kwa watu wa ufukwe ule, hakuna kitu.

Stanley hakuwa na mashua yake. Aliiacha nyuma msituni. Akageuka, akarudi Ituri, akajenga ngome ya Fort Bodo, akaenda kutafuta mashua.

Na huku Emin akasikia uvumi kwamba kuna weupe wametokea kusini ya ziwa. Akapanda meli, akaenda kuulizia kijiji kwa kijiji, hakuwaona. Basi akafanya jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa la busara kuliko mbinu zote za msafara mkubwa wa Stanley: aliandika barua, akaifunga isilowe, akaiacha mikononi mwa mtu anayekaa njiani. Humo alimwomba msomaji atulie palepale alipo na ampelekee neno, naye atakuja na meli. Wasaidizi wa Stanley walikwenda na mashua ya chuma, na tarehe 29 Aprili 1888 moshi wa Khedive ukaonekana ziwani.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini Emin hakuificha chini ya mti na kuchora alama. Lilikuwa swali zuri, maana wapo waliofanya hivyo. Mwaka 1500 nahodha Mreno, Pedro de Ataíde, aliacha barua ndani ya kiatu kikuukuu mtini, huko Mossel Bay, Afrika Kusini, kuonya wenzake juu ya hatari ya Calicut. Mwaka uliofuata João da Nova akiwa safarini kwenda India akaikuta. Waholanzi nao baadaye, pale Rasi, walikuwa wakiweka barua chini ya mawe yaliyochongwa majina ya meli. Lakini tazama: hao walikuwa mabaharia wasiomwamini mtu wa nchi kavu. Emin alikuwa ameishi huku miaka kumi. Alijua kwamba mti hauna mdomo. Msafiri akipita umbali wa kijiji kimoja tu kutoka kwenye mti, barua imepotea. Akipita umbali huohuo kutoka kwa Kavalli, Kavalli atasikia na atatuma mtu.

Uingereza kuna mchezo uliotokana na wazo la barua iliyofichwa. Mwaka 1854 kiongozi wa wapanda vilima aitwaye James Perrott aliweka chupa katika sehemu ya upweke ya Dartmoor, panapoitwa Cranmere Pool, ili aliyefika huko aache kadi yenye jina lake. Baadaye watu wakaanza kuacha barua zenye anwani na stempu, na mgeni anayefuata akawa na wajibu wa kuzichukua na kuzipeleka posta. Siku hizi ni makopo mengi yaliyofichwa, kila moja lina daftari na muhuri wa mpira, na kuna vidokezo vya kukuongoza. Tangu mwaka 2000 wapo wanaotumia setilaiti kutafuta vificho vya namna hiyo dunia nzima. Nilipozisoma habari za mchezo huo niliwaza mara moja Dufile.

Dufile iko wilaya ya Moyo, kwenye ukingo wa Nile, karibu na kivuko cha Laropi. Kutoka Lurujo unakwenda Koboko mjini, unashika barabara ya Yumbe, unapita Moyo, unateremka mtoni. Ngome ya Emin ilikuwa hapo. Tuta la udongo na handaki lake bado vinaonekana. Mwaka 2006 na 2007 wanaakiolojia wakiongozwa na Merrick Posnansky walipachimba na kupachora vizuri. Pamewahi kuwa pa Misri, pakawa pa Wabelgiji wa Mfalme Leopold, pakaachwa. Hakuna ukuta wa mawe wala mnara wa kumvutia mpita njia, kwa hiyo wengi hushuka kwenye gari, huangalia majani, huuliza ngome iko wapi nao wamesimama ndani yake.

Kabla ya kuwapeleka wanafunzi wangu huko kucheza mchezo huo, nilikwenda kwanza peke yangu, nikaomba ruhusa kwa wazee wa mahali, nikaahidi kwamba hakuna mtoto atakayechimba hata kwa kijiti. Udongo wa pale ni kitabu, na ukishachimbuliwa ovyo haurudi tena. Kisha nikatunga vidokezo kwa mtindo wa vitendawili, kwa sababu watoto wetu wanavijua tangu jikoni kwa bibi zao.

Cha kwanza kilikuwa: nina pande nne, tatu zilichimbwa na watu, ya nne ilichimbwa na Mungu. Jibu ni ngome yenyewe, handaki pande tatu na mto upande wa nne. Walipolitambua walikimbia juu ya tuta, wakaanza kulifuata kwa miguu, na kwa mara ya kwanza nikaona darasa zima likiona ngome badala ya majani. Cha pili: nilizaliwa vipande vipande, nikaungwa hapa, na kaskazini siwezi kwenda. Hiki kiliwasumbua. Ilibidi wakumbuke kwamba chini kidogo, kuelekea Nimule, kuna maporomoko ya Fola ambayo hayapitiki kwa meli, ndiyo maana vyombo vya juu ya maporomoko viliunganishwa Dufile. Wakaenda ukingoni wakasimama mahali ambapo meli zingeweza kufunga. Cha tatu kilikuwa kirefu zaidi: watatu walikuja na barua mkononi, hawakurudi na jibu.

Hapo nikawakalisha chini ya kivuli nikawasimulia. Agosti 1888 askari wa Dufile waliasi, wakamfunga Emin pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley. Moja ya sababu ilikuwa barua. Stanley alikuwa amekuja na maandiko ya Khedive, yaani mtawala wa Misri, yanayowaambia askari waondoke kupitia kusini. Wao walijua Cairo iko kaskazini. Njia ya nyumbani kwa maisha yao yote ilikuwa Khartoum. Mtu asiyefahamika, aliyevaa matambara, kutokea msituni, anasema ametumwa na Khedive? Wakasema barua ni za uongo. Siwalaumu. Barua huaminiwa kwa kumjua aliyeileta na njia aliyopita, na hawa hawakumjua mletaji wala njia yake. Miezi michache baadaye jeshi la Mahdi likashuka, na jemadari wake Omar Saleh akatuma madarvishi watatu Dufile wakiwa na barua ya kuwataka wajisalimishe. Waasi waliwatesa, wakawaua kwa marungu. Walikuja kama wajumbe, na mjumbe hauawi; methali hii kila mtoto wa darasani anaifahamu. Walinyamaza kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kidokezo cha mwisho kiliwaambia watafute sanduku la barua lisilo na kufuli, linalojibu likisalimiwa. Wakazunguka miti yote. Wakainua mawe. Wakatazama ndani ya kichuguu. Msichana mmoja mtulivu ndiye aliyegeuka, akatembea hadi nyumba ya karibu, akapiga magoti kidogo kama desturi, akamsalimu mama aliyekuwa akichambua mboga uani. Mama akamwitikia, akamuuliza ametoka wapi, kwao ni nani, wazazi hawajambo. Kisha akaingia ndani akatoka na kopo la maziwa ya unga lenye daftari na muhuri wa mpira. Nilikuwa nimemwomba asilitoe kwa yeyote ambaye hajasalimu.

Watoto waliandika majina yao. Kila mmoja aliacha barua kwa darasa litakalofuata, na darasa lililofuata lilizikuta.

Turudi kwenye njia kuu ya habari, maana posta ya Emin haikufa naye. Emin mwenyewe aliondoka kwa Kavalli pamoja na Stanley tarehe 10 Aprili 1889, akafika Bagamoyo Desemba mwaka huo, na mwaka 1892 akauawa Kongo alikokuwa amerudi. Askari wake wengi walibaki. Wapo waliokaa kwa Kavalli chini ya Selim Bey, na mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Uingereza aliwafuata hapohapo, akawaleta Uganda mamia ya askari pamoja na wake, watoto na wafuasi waliofikia maelfu. Wapo waliobaki Wadelai chini ya Fadl el Mulla. Kwa simulizi za nyumbani, baba wa babu yangu mzaa mama alikuwa katika hao wa Wadelai. Ndiyo maana kwa upande huo sisi ni Wanubi, kama wazao wa askari hao wanavyoitwa, na ndiyo maana nyumbani mwetu Kinubi, Kikakwa na Kiswahili vilikula sahani moja.

Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold eneo la Lado, nasi tukawa ndani yake. Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata eneo likarudishwa kwa Sudan, na mwaka 1914 sehemu ya kusini, yaani sisi, ikaunganishwa na Uganda. Katika pengo hilo wawindaji wa tembo walijifanyia walivyotaka. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipiga kambi Januari 1910 mahali panapoitwa Rhino Camp mpaka leo, akaua vifaru weupe kwa ajili ya jumba la makumbusho. Katika safari hiyo alikuwa akiandika sura za kitabu, na matarishi ndio waliozibeba mpaka zilipopata posta. Leo hakuna kifaru mweupe wa porini Rhino Camp. Kuna wakimbizi.

Arua ilianzishwa 1914 na A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza. Posta ya serikali ikaja na boma. Lakini hata hapo barua haikuja nyumbani. Ilifika Butiaba, ikapanda meli ikavuka Ziwa Albert, ikapanda mto hadi Rhino Camp, ikabebwa mpaka Arua, na kutoka Arua tarishi aliichukua kwa miguu kwenda kwa machifu na misheni. Alishika fimbo iliyopasuliwa kichwani, barua ikiwa imebanwa katikati, ili jasho lisiiharibu na kila mtu amwone kuwa yuko kazini. Tulipokuwa watoto Lurujo alikuwapo mzee aliyekuwa amefanya kazi hiyo ujanani. Kila mtu alimwita Mzee Posta. Miguu yake ilikuwa imepinda vidole kwa ndani, na alijua jina la kila kijito kati ya Koboko na Arua na mahali pa kukivuka kikifurika. Alisema kuwa kubeba barua hakukumtisha. Kilichomtisha ni kusomewa barua ya msiba akiwa bado mlangoni, kwa kuwa watu humkumbuka aliyeileta.

Tangu miaka ya ukoloni vijana wetu wengi walikwenda kufanya kazi kusini, kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira na kwa wakulima wa Buganda. Barua zao zilikuwa na anwani ya shule au kanisa. Jumapili baada ya ibada katekista alisimama nje na kutaja majina. Mama asiyejua kusoma alipewa barua yake, akatafuta mtoto wa shule amsomee, na mtoto huyo akawa mtunza siri wa nyumba nzima. Nilikuwa mmoja wa watoto hao. Najua ni nani aliyeoa mke wa pili Lugazi mwaka 1972, na sitamwambia mtu.

Daraja la Pakwach lilifunguliwa 1969, na basi likachukua kazi ya meli. Kondakta akawa tarishi mpya. Kampala, watu wa West Nile walikuwa na uwanja wao wa mabasi, Arua Park, na mpaka leo ukitaka kutuma kitu nyumbani unakwenda huko, unamtafuta mtu wa kwenu, unamkabidhi, unamwambia nani atakipokea na wapi gari litasimama. Simu imefuta barua, lakini haijafuta mkono huo.

Aprili 1979 serikali ya Amin ilianguka, na kati ya mwaka huo na 1981 karibu nchi yetu yote ilikimbilia Sudan na Zaire. Mimi nilivuka Oraba nikaelekea upande wa Yei, kijana wa miaka kumi na minane, bila kujua wadogo zangu waliingia njia ipi. Posta haikuwepo. Barua zilikunjwa ndogo, zikapewa wanawake waliokuwa wakivuka kwenda sokoni, madereva wa malori, mapadri. Nje ya bahasha tuliandika jina la mtu, jina la baba yake, jina la kijiji alichotoka, kwa kuwa kijiji alichohamia hakikujulikana. Barua iliulizwa kambi kwa kambi. Ile ya mdogo wangu ilinifikia ikiwa na majina ya watu walioishika yameandikwa kwa penseli mgongoni, kila mtu na kituo chake, mpaka karatasi ikajaa. Ninayo.

Historia ikageuka tena. Kuanzia 2013 ndugu wa Kongo walipokelewa Lobule, hapa Koboko, na 2016 Wasudani Kusini wakamiminika. Kambi ya Bidibidi ilifunguliwa Yumbe mwaka huo, na kufikia Agosti 2017 Uganda ilikuwa imepokea zaidi ya milioni moja kutoka nchi hiyo moja. Vijana wa Msalaba Mwekundu walizunguka na fomu. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi ya wazi, haifungwi, na inaruhusu habari za familia tu: nani yuko hai, nani amezaliwa, nani amefariki. Asiyejua kuandika huandikiwa. Anwani ni majina na vijiji, kama zetu za 1980. Nimekaa chini ya mwembe nikiwasaidia akina mama kuandika, na nikaona mjitoleaji kijana akiipanda pikipiki yake na barua hizo kifuani.

Kwa hiyo ukiniuliza posta ya West Nile iko wapi, sitakuonyesha jengo. Nitakutajia Kavalli, Biri, wale madarvishi watatu, Mzee Posta, katekista, kondakta, na akina mama wa sokoni. Orodha hiyo ni fupi mno, na sehemu yake kubwa haina majina. Mzee Posta alizikwa Lurujo, na siku ya mazishi ndipo wengi wetu tuliposikia jina lake la kuzaliwa likisomwa.

Wapo wazee wachache waliobaki ambao baba zao walikuwa matarishi wa boma au wa misheni. Kama mmoja yuko katika ukoo wako, iwe Koboko, Arua, Maracha, Yumbe, Moyo au Pakwach, nenda kwake mwezi huu, usingoje likizo ya Desemba. Msalimu, kaa, muulize tarishi alikuwa nani, alitoka kituo gani kwenda kituo gani, alilala kwa nani njiani, na barua gani anaikumbuka. Andika majina yote kamili, pamoja na jina la baba na kijiji. Fanya nakala mbili: moja ibaki nyumbani kwake, ya pili uipeleke katika maktaba ya shule ya sekondari iliyo karibu nawe, na umwombe mkutubi akuandikie kwamba ameipokea.